Akili Ikiugua, Nani Anaamua?

Mwanamke anayetumia dawa za akili na pia njia ya uzazi wa mpango mara nyingi hubeba kadi mbili. Moja ni ya kliniki ya akili, ambako kwetu Afrika Mashariki hutibiwa kifafa pia; nyingine ni ya chumba cha uzazi wa mpango, upande wa mama na mtoto. Kwenye kadi ya kwanza imeandikwa kabamazepini, asubuhi na jioni. Kwenye ya pili imeandikwa siku aliyowekewa kijiti na mwaka wa kuja kukitoa. Kadi zote mbili zinakaa ndani ya mkoba mmoja, lakini aliyeandika ya kwanza hajaiona ya pili, na mwenye mkoba hajaambiwa kwamba dawa ya kadi moja inakula nguvu ya kijiti cha kadi nyingine. Ni rahisi kuliita jambo hili upungufu wa utaratibu, kitu cha kurekebishwa kwa fomu mpya. Mimi naliona ni swali la utu na la dini kabla halijawa la utaratibu: je, mtu ambaye akili yake imeugua bado ndiye mwenye neno juu ya uzazi wake? Nitatetea kwamba ndiye, na kwamba kumnyamazia kuhusu dawa zake ni kumwamulia bila kumwambia kuwa ameamuliwa.

Tuanze na mwili, maana hukumu ya maadili isiyojua dawa inavyofanya kazi haitusaidii. Kijiti ni kipande chembamba cha plastiki, urefu wake kama sentimita 4, kinachoingizwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu. Kuna cha kipande kimoja kinachodumu miaka 3, na kuna vya vipande viwili vinavyodumu miaka 5. Kila siku hutoa kiasi kidogo sana cha homoni ya projestini. Udogo huo wa kipimo ndiyo sifa yake, na ndipo ulipo udhaifu wake. Kabamazepini hulichochea ini kutengeneza vimeng'enya vingi kuliko kawaida, na vimeng'enya hivyo huivunja homoni kabla haijamaliza kazi yake. Fenobabitoni na fenitoini, dawa kongwe za kifafa ambazo kwa unafuu wa bei bado zinatumika sana, hufanya vivyo hivyo. Vidonge vya majira huathirika zaidi kuliko kijiti. Sindano ya miezi mitatu haitetereki, na kitanzi cha shaba hakina homoni ya kuvunjwa. Kwa hiyo mwanamke huyu hajafungiwa milango yote. Anao mlango ulio wazi kabisa, ila hajaonyeshwa.

Kwamba jambo hili si nadharia ya vitabuni tu, tuna ushahidi wa nyumbani kutoka kwenye ugonjwa mwingine. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wanawake zaidi ya 24,000 wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya. Efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi, nayo hulichochea ini kwa namna inayofanana na kabamazepini. Waliokuwa na kijiti huku wakimeza efavirenzi walishika mimba kwa kiwango cha takriban mara tatu ya waliokuwa na kijiti huku wakitumia nevirapini, dawa nyingine ya kufubaza virusi. Hata hivyo, kijiti pamoja na efavirenzi bado kilizuia mimba vizuri kuliko vidonge. Nalitaja hili la pili kwa makusudi. Aliyesikia nusu ya habari angekimbilia kupiga marufuku, na aliyesikia yote ana la kuchagua: mmoja atabaki na kijiti akijua kimepungua nguvu, mwingine atahamia kwenye sindano au kitanzi, wa tatu ataongeza kondomu. Uamuzi wa aina hiyo hautoki kwenye maabara. Unatoka kwa mtu anayejua mimba isiyotarajiwa itamgharimu nini yeye.

Mambo huenda pia kwa upande wa pili, yaani homoni ikaiathiri dawa ya akili. Lamotrijini hutumika kwa kifafa na kwa ugonjwa wa baipola. Mwanamke anayeinywa akianza vidonge vyenye estrojeni, kiwango cha lamotrijini katika damu yake kinaweza kushuka hadi karibu nusu. Kifafa kinarudi, au huzuni inamzamisha tena, na watu wa nyumbani wanasema ugonjwa umekuwa sugu, au kwamba ameacha dawa kwa siri. Hajaacha kitu. Estrojeni anayopewa mwanamke aliyefikia ukomo wa hedhi nayo inataka kuangaliwa kwa jicho hilohilo. Risperidoni, inayotolewa kwa skizofrenia, huongeza homoni ya prolaktini hata hedhi ikakatika; mhusika akahitimisha kwamba kizazi kimekufa, na akibadilishiwa dawa uwezo wa kushika mimba unarudi bila kubisha hodi. Kisha kuna valproeti, dawa ya kifafa na baipola, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Katika kila watoto 100 waliopata valproeti tumboni, takriban 10 huzaliwa na kasoro za mwili, mgongo wazi ikiwa mojawapo, na kati ya 30 na 40 hupata matatizo ya ukuaji: kuchelewa kutembea, kuchelewa kusema, ugumu wa kukumbuka na kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kwamba dawa hii isiandikwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba. Nchini Uingereza, tangu Januari 2024, haianzishwi kwa mgonjwa yeyote aliye chini ya miaka 55, mwanamke au mwanamume, mpaka wataalamu wawili wakubaliane kwamba hakuna nyingine itakayomfaa.

Sasa, anayejua haya yote na akanyamaza, amefanya nini? Wengi watasema hajafanya kitu. Sikubaliani nao. Kati ya watu wawili, mmoja akishika habari ambayo mwenzake anaihitaji ili aamue juu ya mwili wake, kunyamaza kwa yule mwenye habari kunaamua matokeo sawasawa na amri. Tofauti ni kwamba amri huonekana, na inayoonekana inaweza kukataliwa. Mwanamke aliyewekewa kijiti juu ya kabamazepini amechukua hatari ya mimba bila kuikubali. Aliyepewa valproeti bila kuambiwa amechukuliwa dhamana kwa niaba ya mtoto ambaye hajawaza kumzaa. Mganga anayesema "sikumwamulia, sikumwambia tu" anatenganisha vitu visivyotengana.

Pingamizi la kwanza huja haraka: huyu ni mgonjwa wa akili, na ukimwambia hataelewa. Hapa wanaotoa pingamizi hili kwa jina la dini wangepaswa kuisoma dini yao kwa kituo. Waislamu wanaijua hadithi mashuhuri kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, akiwamo mwendawazimu mpaka arudiwe na akili yake. Ninavyoisoma mimi, kinachoinuliwa pale ni lawama. Haki haziguswi. Katika fiqhi, mtu aliyepoteza akili bado anarithi, bado anamiliki mali yake, na walii wake, yaani msimamizi wake, hana ruhusa ya kuitumia ila kwa maslahi ya mwenyewe. Isitoshe, wanazuoni walitofautisha wazimu wa kudumu na ule unaokuja na kuondoka. Mwenye wazimu wa vipindi, akizindukana, swala inamlazimu, saumu inamlazimu, na akiuza au kununua biashara yake inasihi. Wanawake wengi tunaowazungumzia hapa hawafikii hata hapo. Wana sonona, au baipola iliyotulizwa na dawa, au kifafa, ambacho si ugonjwa wa akili hata kidogo. Inakuwaje mtu ambaye sheria ya Mungu inamwona ana akili ya kutosha kuwajibika mbele ya Muumba wake, aonekane hana akili ya kutosha kuambiwa sindano ipi inamfaa?

Na juu ya uzazi wenyewe, mjadala wa azli, yaani mume kumwaga nje, una funzo. Wanazuoni wengi waliiruhusu, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitaja miongoni mwa sababu zinazokubalika hofu ya uhai wa mwanamke. Lakini wengi wa Kihanafi, Kimaliki na Kihanbali walishurutisha ruhusa ya mke, kwa kuwa ana haki yake katika kupata mtoto. Ni kweli kwamba kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wapo wengi ambao hawakuifanya ruhusa hiyo kuwa sharti, na sitaki kuficha hilo ili hoja yangu ipendeze. Hata hivyo wao walikuwa wakizungumzia tendo la mume katika mwili wake mwenyewe. Kuweka kitu ndani ya mkono wa mwanamke, au ndani ya kizazi chake, pasipo yeye kujua kinafanya nini na hakifanyi nini, ni suala jingine.

Uwezo wa kuamua, basi, haupimwi kwa jina la ugonjwa. Hupimwa kwa jambo lenyewe na kwa wakati wake. Mtu anaweza kukosea tarehe ya leo na bado akajua wazi kwamba hataki mimba mwaka huu. Anaweza kusikia sauti zisizosikika na wengine, na bado akaeleza kwa nini sindano inamfaa kuliko kitanzi: mumewe asijue, au hataki kupimwa ndani. Kinachotakiwa ni aelewe alichoambiwa kwa lugha yake, akishike kwa muda wa kutosha kukipima, kisha aseme uamuzi wake. Asipoweza leo, aulizwe wiki ijayo dawa zikishakolea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema katika ibara ya 23 kwamba watu hawa, sawa na wengine, wana haki ya kuamua idadi ya watoto wao na kupata elimu ya kuwawezesha kuamua, na kwamba uwezo wao wa kuzaa ulindwe.

Tunajua pia inakoishia njia ya kuamuliana, kwa sababu imeshapitiwa. Carrie Buck alikuwa binti wa Virginia, Marekani, aliyebakwa na ndugu wa familia iliyomlea, akapata mimba, kisha akapelekwa kwenye taasisi ya watu walioitwa wapungufu wa akili. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliidhinisha afungwe kizazi, na hukumu iliyoandikwa na Oliver Wendell Holmes ilimhesabu yeye, mama yake na bintiye mchanga kuwa ukoo wa wapungufu. Bintiye, Vivian, alikufa akiwa na miaka 8, na kabla ya hapo jina lake liliwahi kuwekwa kwenye orodha ya wanafunzi bora wa shule. Jaji pekee aliyepinga alikuwa Pierce Butler, Mkatoliki, ambaye hakuandika sababu zake. Miaka mitatu baadaye, katika waraka wa Casti Connubii, Papa Pius XI alilaani wazi serikali kuukata uzazi wa watu wasio na hatia kwa hoja ya kuboresha kizazi. Mwaka 1933 Ujerumani ya Kinazi ilitunga sheria yake, na watu wanaokadiriwa kufikia 400,000 wakafungwa uzazi, wengi wakiwa na skizofrenia, kifafa au udhaifu wa akili kwa vipimo vya wakati ule. Waliofanya hivyo hawakujiona makatili. Walijiona wanapunguza mzigo.

Nimemtaja Papa Pius XI kwa sababu Kanisa lake ndilo lenye pingamizi la pili, nalo nalichukua kwa uzito. Msimamo wa Kikatoliki ni kwamba njia za kuzuia mimba kwa makusudi hazikubaliki, tena Casti Connubii ileile iliyowatetea wanyonge ndiyo iliyozikataa. Kwa msimamo huo, kumweleza mwanamke kwamba sindano inamfaa kuliko kijiti ni kumsaidia kuchagua kati ya makosa mawili. Lakini tazama Humanae Vitae, waraka wa Papa Paulo VI wa Julai 1968. Katika aya ya 15 unasema Kanisa halikatazi tiba inayohitajika kuponya maradhi ya mwili, hata kama inajulikana kwamba itazuia uzazi, mradi kuzuia huko siyo kusudio. Aya inayofuata inaruhusu wanandoa wenye sababu nzito kufuata siku za mwili zenyewe. Sasa, mwanamke Mkatoliki anayehesabu siku zake huku akitumia risperidoni, na hedhi yake imevurugwa na prolaktini, anahesabu kitu gani? Yeye ndiye anayehitaji kuambiwa kuliko hata mwenye kijiti, kwa sababu njia yake yote imesimama juu ya kuufahamu mwili wake. Na mwanamke anayeitii imani yake kwa kutotumia njia yoyote, huku akimeza valproeti, ana haki kubwa zaidi ya kujua, ili aombe dawa nyingine mapema. Imani inaweza kumwongoza mtu achague nini. Haiwezi kudai achague gizani, kwa kuwa tendo lisilo na ufahamu halina thawabu wala dhambi kwa mafundisho ya Kanisa lenyewe.

Pingamizi la tatu linatoka kwa matabibu, na nia yake ni njema: ukimwambia madhara yote ya dawa, ataogopa, ataiacha, ataugua vibaya zaidi. Ni kweli kwamba kuacha dawa ghafla kuna hatari. Aliyeacha dawa ya kifafa anaweza kufa katika degedege. Aliyeacha ghafla lithiamu, dawa ya baipola, anaweza kupandwa na wazimu ndani ya wiki chache. Ila hofu hii inathibitisha tu kwamba kuna namna mbaya ya kusema. Ukweli wenyewe haujageuka. Nchini Ufaransa, mama wa watoto walioathiriwa na valproeti, Marine Martin, alianzisha mwaka 2011 chama cha familia kama yake, na malalamiko ya familia hizo hayakuwa kwamba waliambiwa mno. Yalikuwa kwamba hatari ilijulikana nao hawakuijua. Aliyeambiwa na mganga wake, "dawa hii ina hatari hii, usiiache peke yako, njoo tuibadilishe pamoja," ana sababu ya kurudi kliniki. Aliyesikia kwa jirani, au aliyejua baada ya kuzaa, hamwamini tena mtu yeyote mwenye koti jeupe, na hapo ndipo dawa huachwa kweli.

Limebaki pingamizi ambalo sioni jibu jepesi kwake, nalo ni la mama wa mgonjwa. Bibi ndiye atakayelea. Binti akizidiwa usiku, bibi ndiye atakayemshika mtoto kwa mkono mmoja na binti kwa mwingine. Anapoomba daktari amwekee binti yake "kitu cha muda mrefu" bila mazungumzo marefu, haombi kwa chuki. Amechoka, na hakuna mtu wa kumsaidia. Nakubali kwamba mzigo wake unampa haki. Anayo haki ya kusikilizwa, ya kukaa kwenye mazungumzo binti akiridhia, ya kusema mbele yake, "mwanangu, siwezi kulea mwingine." Hilo ni neno la kweli, na binti anapaswa kulipima. Ila mzigo wa bibi haumpi miliki ya mkono wa bintiye. Tukishakubali kwamba anayelea ndiye anayeamua nani azae, hatutaishia kwa wagonjwa wa akili. Watafuata maskini, na wasichana wanaolelewa na shangazi, na kila anayekula chakula cha mwingine. Tena ukimya haumsaidii huyo bibi. Kijiti kilichowekwa kimyakimya juu ya kabamazepini ndicho kitakachomletea mjukuu asiyetarajiwa, wakati maelezo ya dakika kumi yangemfikisha binti kwenye sindano ambayo angeichagua mwenyewe.

Ugumu wa kweli wa kifalsafa uko penye kubadilika kwa mtu. Mwanamke mwenye baipola aliamua, akiwa ametulia, kwamba asizae kwa miaka miwili. Sasa amepandwa na wazimu, halali usingizi, anasema ameoteshwa kwamba atazaa mtoto mkuu, na anataka kijiti kitolewe leo. Yupi kati ya hawa wawili ndiye yeye? Wapo wanaosema wa leo, kwa kuwa ndiye aliye mbele yetu. Wengine husema wa jana, kwa kuwa alikuwa timamu. Mimi nauelekea upande wa jana kwa sharti moja: yule wa jana awe ameulizwa. Awe ameketi na tabibu wake, akasema nikizidiwa mnifanyie hivi na msinifanyie vile, mwiteni mtu huyu ninayemwamini, na maneno hayo yaandikwe kwenye kadi zote mbili. Hapo anayesubiri kukitoa kijiti kwa siku chache analitii neno la mwenyewe, hajamwekea lake. Kama hakuulizwa kamwe, hatuna jana ya kuirejea, na kinachobaki ni kuchagua lile linaloweza kurudishwa: kusubiri kunarudishwa, sindano hukwisha nguvu, kitanzi hutolewa, kufunga kizazi hakufanywi mtu akiwa amezidiwa, hata jamaa zake wote wakisaini. Na akirudi baada ya kutulia, dawa zimekolea na usingizi umerudi, akasema bado anataka mtoto, kijiti kitolewe siku hiyohiyo, na mazungumzo yahamie kwenye dawa ipi itamtuliza bila kumdhuru atakayebebwa, na asidi ya foliki ianze kabla ya mimba.